Kwanza Tulizungumza na Watu wa Punda

Mtu akitutembelea mtoni Jumamosi, tunapoupanda upya ukingo unaomomonyoka, huuliza tulianza na mti gani. Tulianza na punda. Kabla ya mche wowote kuingia ardhini kulikuwa na mikutano ya kusimama juani, sisi na vijana wa mikokoteni ya maji, nao walituangalia kama watu waliokosa shughuli nyumbani kwao.

Mto wenyewe ni Njoro, kaunti ya Nakuru, Kenya. Unatoka juu kwenye msitu wa Mau ya Mashariki, unapita Nessuit, unapita ubavuni mwa Chuo Kikuu cha Egerton, unaukata mji wa Njoro, unateremka Ngata, kisha unaingia Ziwa Nakuru. Sisi tuko upande wa chini, kati ya Ngata na mpaka wa hifadhi ya ziwa, kwa hiyo maji yanatufikia yakiwa yameshapita mikononi mwa watu wengi: mashamba ya huko juu, pampu za kunyunyizia, ng'ombe, nguo zinazofuliwa, mabomba ya watu wasiotaka kujulikana. Januari na Februari kuna miaka mto haupo kabisa upande wetu. Unabaki mchanga, mawe na vidimbwi vya kijani vinavyonuka. Wazee wa hapa wanasema walipokuwa vijana haukuwa na tabia hiyo.

Huko juu ndiko ulikoanza kuumia. Mwaka 2001 serikali iliondoa maeneo makubwa ya misitu nchini kwenye orodha ya hifadhi ili yagawiwe watu, na Mau ya Mashariki peke yake ilipoteza zaidi ya hekta 35,000. Hilo haliwezi kurekebishwa kwa majembe ya Jumamosi, na mgeni akija kutusifu kwamba "tunaiokoa Mau" mimi huona aibu kidogo na kubadilisha mazungumzo. Tunashughulika na ukingo wetu basi, kipande unachoweza kukitembea mwisho hadi mwisho kabla uji uliouacha mezani haujapoa.

Sasa punda. Visima vya Nakuru vina floraidi nyingi. Ukitaka ushahidi, tazama meno ya mtu aliyekulia hapa akicheka. Maji ya mfereji hayafiki kila mtaa, na yakifika hayaji kila siku. Kwa hiyo kuna biashara kubwa ya kuuza maji kwa mitungi ya lita 20, na maji ya mtoni ndiyo ya bei ya chini: ya mjengo, ya kufulia, ya kunyweshea mifugo, na kwa nyumba zisizo na namna nyingine, ya kupikia pia. Anayeyaleta ni punda na mkokoteni wake.

Punda akishuka mtoni hushuka kwa njia fupi. Kila kijana alikuwa na njia yake, na kila njia ilikuwa imechimbika ikawa korongo dogo. Udongo wetu ni majivu ya volkano, mwepesi, wa vumbi jingi wakati wa kiangazi, na ukipigwa na mvua kubwa unayeyuka kama sukari kwenye chai. Korongo la punda la Machi linakuwa mfereji wa kweli ifikapo Mei, na mfereji huo unaupeleka ukingo wote mtoni, na mto unaupeleka ziwani. Ukiwa umesimama majini asubuhi na mapema unaona vidole vyako. Mikokoteni ikishaanza kuingia, huvioni tena mpaka jioni. Hili si jicho langu tu. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwenye Mto Njoro huu huu, watu wa Egerton wakiwemo, ulioonyesha kwamba watu na mifugo wakiingia mtoni mchana, tope na vijidudu vya kinyesi kwenye maji hupanda sambamba na pilikapilika hizo.

Wazo la kwanza lililotolewa na mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, lilikuwa kibao. Aliandika maandishi mazuri, kwa rangi nyekundu, yakikataza kunywesha mifugo mahali pale. Mzee mmoja mwenye punda wawili alikisoma kibao chote kwa sauti, kisha akasema, "Mwalimu, nimeelewa. Lakini punda wangu hajasoma." Watu walicheka, na mwalimu naye akacheka, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kuwa ya watu wazima.

Kwa sababu swali lao lilikuwa la haki. Mkitufunga hapa, twende wapi? Hatukuwa na jibu. Tulikuwa na nia njema na miche, na miche haimlishi mtoto wa mtu. Ilibidi turudi na kukaa na kusikiliza, na kilichotoka kwa wenyewe ndicho kilichofanya kazi: wao pia hawakuzipenda zile njia. Punda walikuwa wakiteleza na kuumia miguu. Ekseli zilikuwa zikivunjika. Mkokoteni ukipinduka na mitungi imejaa, hasara ni ya siku nzima. Walichotaka ni mteremko mmoja mpana, usio mkali, wenye mawe chini, ambao mikokoteni miwili inaweza kupishana. Wangeupata huo, tungeweza kufunga njia nyingine zote na hakuna ambaye angelia.

Yule mzee wa punda wawili ndiye aliyechagua mahali. Mwalimu na mimi tungechagua kwingine, karibu na barabara, na tungekosea kabisa. Yeye alijua kona ambayo mto haushambulii ukingo, upande wa ndani wa pindo, ambako maji hupunguza kasi na kuacha mchanga. Mawe tuliyapata kwa watu waliokuwa wanajenga, yale mabaki ya mawe ya kukatwa ambayo fundi huyasukuma pembeni. Vijana waliyabeba kwa mikokoteni yao wenyewe, bure, safari za mwisho wa siku. Juu kidogo ya mteremko kuna mahali pa punda kusubiri, ili mbolea yao ibaki huko badala ya kudondoka majini. Mbolea hiyo ina wenyewe siku hizi. Ukichelewa unakuta imeshachotwa kwa ajili ya bustani.

Nimekaa sana kwa punda kwa sababu ndiko kazi ilikokuwa. Nimeona miradi ya kupanda miti kando ya mito ambayo ilianza na hema, viti na kipaza sauti, na hakuna aliyemuuliza mwenye punda kitu. Ukirudi baada ya miezi michache unakuta fimbo kavu zilizosimama kwenye njia ya mifugo.

Waliofuata ni akina mama wa sukuma wiki. Hawa walikuwa wagumu zaidi, au niseme sisi ndio tulikuwa na hoja dhaifu zaidi. Sheria ipo: kanuni za maji za nchi hii zinataka ukingo uachwe wazi angalau mita 6 na hadi mita 30 kila upande, kipimo kikianzia pale maji ya mafuriko makubwa kabisa yalipowahi kufika. Kijana mmoja wa kwetu anayesomea mambo ya ardhi alikuwa ameichapisha, akaja nayo ndani ya bahasha. Mama mmoja, ambaye amelima pale tangu wanawe wakiwa mgongoni, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia: "Mwanangu, hiyo karatasi imenikuta hapa na sukuma." Kijana akairudisha kwenye bahasha.

Hawa ni watu wasio na shamba jingine. Wanalima ukingoni kwa sababu ndiko kuna unyevu wakati wa kiangazi, na mboga ya Februari ndiyo yenye bei. Lakini kilimo chao kilikuwa kinafika hadi mdomoni mwa mto, yaani pale ukingo unapogusa maji, jembe linalegeza udongo pale pale ambapo maji yatapita, na kila msimu bustani ilikuwa inapungua kwa upana. Hilo wao walilijua kuliko sisi. Mmoja alinionyesha kwa mkono, hewani, juu ya maji, mahali ambapo mstari wake wa mwisho wa sukuma ulikuwa zamani.

Mapatano tuliyofikia hayangempendeza mwanasheria. Walirudi nyuma hatua kadhaa kutoka mdomoni. Kwenye nafasi iliyoachwa wakapanda napia, mistari miwili, ikifuata ukingo. Napia ni nyasi ya Afrika hii hii, mizizi yake inashika kwelikweli, na kuna wafuga ng'ombe wa mjini wanaoinunua kwa mzigo. Sharti ni kukata tu, hakuna kung'oa. Kwa hiyo ule ukanda nao unaleta pesa, na mama anaulinda kwa nguvu ambayo hakuna askari wa mto angekuwa nayo. Mita 6 hazijatimia mahali pote. Kwenye bustani nyingine bado tuko pungufu, na tunajua.

Nduma tulizibishania. Kuna waliotaka zing'olewe zote kwa sababu kuvuna nduma ni kuchimba tope la mtoni. Mimi nilikuwa upande wa kuziacha. Profesa Wangari Maathai, akipokea Tuzo ya Nobeli ya Amani kule Oslo mwaka 2004, alikumbuka kijito cha kwao utotoni, alivyokuwa akicheza katikati ya majani ya nduma na kujaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga. Kijito kilichokuwa na nduma, vyura na maji ya kunywa vyote pamoja hakikuharibiwa na nduma. Mwishowe tukakubaliana zibaki kwenye vidimbwi vya pembeni, na kwenye mkondo zisiwepo.

Tukafika kwenye mimea basi, na hapa pia hatukuanza na miti.

Ukingo uliosimama wima haupandiki. Mche ukiuweka juu, maji yanakula chini na mche unaanguka na bonge lake la udongo. Kwa hiyo tulianza kwa kuulaza: majembe na sururu, kuukata ukingo uwe mteremko, kazi ya kuvunja mgongo ambayo haipigwi picha. Chini kabisa, maji yanapogusa, tulipiga vigingi na kusuka fito katikati yake, uzio mfupi wa kufika gotini. Maji machafu ya mvua yakipita hapo hupunguza mwendo na kuacha tope nyuma ya uzio. Tope hilo ndilo shamba letu la kwanza. Humo tulichomeka matete na ndago tulizozichukua kwenye kona za mto zilizokuwa bado nzima, vipande vyenye mizizi, na zilishika bila kubembelezwa.

Juu ya hapo, kikuyu grass. Watu wengi hapa huiona kama nyasi ya uwanja wa mpira au ya ng'ombe wa barabarani, na niliposema tuipande makusudi nilitazamwa vibaya. Kule Australia, New Zealand na California ni gugu sugu, watu wanapigana nalo. Hapa ni kwao, imetoka kwenye nyanda hizi za juu za Afrika Mashariki. Inatambaa juu ya ardhi na chini ya ardhi kwa wakati mmoja, na kila kifundo kikigusa udongo kinatoa mizizi. Unakata vipande, unavifukia wakati mvua imeshaanza, na kabla ya msimu kuisha mteremko umefungwa. Ubaya wake ni uchoyo: ukiiacha ifike shinani mwa mche mchanga inaunyima kila kitu. Kwa hiyo kila mche una duara lake, mkono mmoja kila upande, linalopaliliwa. Kupalilia maduara hayo ndiyo kazi kubwa ya Jumamosi zetu nyingi, na ndiyo inayowachosha wageni mapema.

Miti ikaja mwisho. Mkuyu kwanza, kwa sababu mkuyu ni rahisi na kila mtu hapa, awe wa kabila gani, ana habari zake na heshima fulani kwake. Huhitaji kitalu. Mgunga wa njano, ule unaouona umesimama ndani ya hifadhi ya ziwa na gome lake la rangi ya ndimu, unapenda mahali maji ya chini yako karibu na hukua haraka. Mbegu zake huwa ngumu, tunazimwagia maji ya moto na kuziacha usiku kucha. Mzambarau mwitu, ambao jirani zetu Wakalenjin huuita lamaiywet, tulipewa na mtu wa Njoro mwenye miti mikubwa ukingoni kwake. Watoto na ndege hugombania matunda. Tebeswet, au mutundu kwa Wakikuyu, hujiotea wenyewe ukiuacha tu. Juu zaidi, ambako kumekauka, tuliweka mutamaiyu, mzeituni wetu wa mwitu, tukijua kwamba huo tunawapandia wajukuu kwa jinsi unavyojivuta.

Kuna mambo ya kung'oa pia. Lantana, ambayo imetoka Amerika na imejaza kila kichaka, unaikata leo na inakucheka kesho mpaka uitoe na kisiki. Na kuna mikaratusi, blugamu kama tunavyoiita.

Kuhusu blugamu niseme kitu, kwa sababu watu wanaopenda mazingira huigeuza kuwa shetani. Ililetwa nchini mwaka 1902 hivi, kuni za kuendeshea garimoshi la reli ya Uganda, na tangu hapo imejenga nyumba, imesimamisha nyaya za umeme na imelipa karo. Mimi nyumba niliyozaliwa ilipauliwa kwa blugamu. Shida yake ni mahali. Mti unaokua kwa kasi ile hunywa kwa kasi ile, na chini yake mengi hayaoti, kwa hiyo ukingo unabaki uchi juu ya mizizi michache mikubwa. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira, aliamuru iondolewe kando ya mito na vyanzo vya maji, na amri ilitekelezwa hapa, ikasahaulika pale. Mwenye mistari ya blugamu kwenye kipande chetu hakuwa na haja ya kuamriwa. Alikuwa na haja ya mnunuzi. Alisubiri miti ifikie unene wa nguzo, akaiuza, na akatuachia matawi na vipande vyembamba. Ndivyo vigingi vyetu vingi vilivyopatikana. Vikikauka havichipui, na havigharimu kitu. Visiki vyenyewe vinachipua bado, na tunavikata kila mara, na naona tutaendelea hivyo kwa muda mrefu.

Serikali ina lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tulipewa hata sikukuu: Jumatatu ya tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima iliambiwa iache kazi ikapande miti. Sikukuu naipenda kama Mkenya yeyote. Mvua ilikuwepo, watu walitoka, na kwenye ukingo wa juu kidogo ya kwetu taasisi moja ilikuja na basi, fulana za rangi moja na miche mingi ya mikima, yaani grevilea, ambayo nayo ni ya Australia. Waliipanda kwa mstari ulionyooka, mdomoni kabisa mwa mto, mahali panapopendeza kwenye picha kwa sababu maji yanaonekana nyuma. Walihesabu miche, wakaandika idadi, wakaondoka. Hakuna ubaya wa moyo hapo. Walikuwa na idadi ya kufikisha, nao wakaifikisha.

Kisha ikaja 2024. Mvua za Machi hadi Mei mwaka ule kila Mkenya anazikumbuka. Watu karibu 300 walikufa nchini, na Mai Mahiu, kaunti hii hii yetu, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili watu walisombwa wakiwa wamelala. Tarehe 10 Mei tulipewa sikukuu nyingine, ya kuomboleza na ya kupanda miti. Mto Njoro ulikuwa umepanda kuliko nilivyowahi kuuona, rangi ya matofali, ukibeba magogo na godoro na mara moja kiti kizima cha sebuleni. Ulipotulia tulishuka kutazama. Mstari wa mikima haukuwepo, na ardhi iliyokuwa chini yake haikuwepo. Kwetu fito zilikuwa zimeng'oka sehemu, mikuyu mitatu michanga ilikuwa imelala, matete yalikuwa yamebanwa chini kabisa na tope. Kikuyu grass ilikuwa pale pale, imechanwa kama nywele upande mmoja, na chini yake udongo. Baada ya wiki chache matete yakasimama yenyewe. Mikuyu tuliiinua na kuiegemeza, miwili ikapona.

Sitaki mtu asome hapo kwamba nyasi zinashinda mafuriko. Mwaka mwingine mto unaweza kuja na nguvu zaidi na kuchukua kila kitu, napia na mteremko wa punda pamoja. Ninachosema ni kwamba hesabu ya miche haimwambii mtu chochote kuhusu ukingo. Muulize mwenye mradi nani atarudi Februari na ndoo. Akikutajia jina la mtu anayeishi karibu, mradi upo. Akikutajia ripoti, nenda zako ukafanye jambo jingine.

Februari ndiyo mwezi wetu, nao hauna sikukuu. Mto umekatika, jua linachoma, na kila mche una mtu wake anayeumwagilia kwa maji ya kufulia yaliyobaki. Watoto wa shule wanajua mti upi ni wa nani kuliko sisi, na wanasemana vikali.

Malalamiko yapo, na mengine ni ya kweli. Jirani mmoja alikuja akiwa na hasira, akasema, "Nyinyi mnatufugia nyoka." Kweli kichaka kikirudi, nyoka nao wanarudi, hatuwezi kumwambia hawapo. Wengine walisema mbu, na hapo tulieleza kwamba mbu hupenda vile vidimbwi vilivyosimama, kwato zinazojaa maji, kopo lililotupwa, zaidi ya matete yenye vyura na kereng'ende. Sina hakika tulimshawishi mtu. Lakini lalamiko lililotufanya tukae chini lilitoka kwa wasichana wanaovuka kwenda kazini kabla ya mapambazuko. Ukingo ulipokuwa mtupu walikuwa wanaona mbele. Sasa kuna matete yanayofika kichwani na miti, na mtu anaweza kujificha. Hilo hakuna kitabu cha mimea kitakachokuambia. Tulifyeka pande zote mbili za njia ya kuvukia, upana wa kutosha, tukaacha hapo nyasi fupi tu, na miti iliyo karibu tunaikata matawi ya chini ili mtu aone katikati ya mashina. Tuliomba taa. Taa bado tunaingoja, na vijana wa bodaboda wanaoegesha darajani wamekubali kuelekeza mwanga upande ule asubuhi. Ni mpango dhaifu, lakini upo.

Takataka sitazisema sana. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na kweli ilipungua. Nepi hazikupigwa marufuku. Anayejua cha kufanya na nepi zinazoshuka mtoni baada ya mvua kubwa aniambie.

Kuhusu ziwa, watu huuliza kama tunasaidia. Ziwa Nakuru limekuwa likipanda tangu mwaka 2010 hivi. Limemeza lango la zamani la hifadhi, limeua misitu ya migunga ambayo sasa imesimama majini mikavu, na limewafukuza watu wa mtaa wa Mwariki. Maji yalipozidi, chumvi ikapungua, mwani unaoliwa na heroe ukapungua, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Mvua nyingi ndiyo sababu kubwa, na udongo unaoteremshwa na mito hausaidii. Udongo wetu usioondoka ni kiasi kidogo sana ndani ya hayo yote. Mimi hufanya kwa ajili ya ukingo wenyewe. Ndege fundichuma amerudi, anajenga kile kiota chake kikubwa cha vijiti kwenye mgunga wa zamani wa ng'ambo, na kwa muda mfupi wa asubuhi, kabla ya mikokoteni, kuna mdiria.

Hatuna jina wala akaunti. Mara mbili tatu limeletwa pendekezo la kujisajili ili tupate ufadhili, na hoja zake si mbaya: mawe ya pili, taa, pengine kitalu. Wanaopinga, nami nimo, tunaogopa siku ile tutakayoanza kuwa na mwenyekiti na mweka hazina na ugomvi wa posho. Mzee wa punda wawili alisema yeye yuko tayari kuwa mwenyekiti mradi mikutano ifanyike mtoni na ajira yake isisimame. Tumeahirisha tena.

Kama una mto karibu na unataka kuanza na mkuyu, fanya hivi. Tafuta mkuyu mkubwa wa hapo hapo kwenu, omba ruhusa kwa mwenyewe, na mvua za Machi zikikaribia kata tawi lililonyooka, unene wa mkono, urefu wa kimo chako. Toa majani yote. Lilaze kivulini siku moja au mbili hadi utomvu ukauke pale lilipokatwa. Kumbuka upande wa chini ni upi, weka alama kwa panga, kwa sababu likigeuzwa halitashika. Chimba hadi magoti, lisimamishe juu ya mstari wa maji ya kawaida na si mdomoni, shindilia udongo kwa miguu, na uzungushie miiba ya kutosha kumzuia mbuzi. Matawi mawili kati ya matano yakishika umefanya vizuri. Walio Barut, Ngata na kandokando, tunakutana Jumamosi asubuhi kwenye mteremko wa punda. Majembe tunayo, gambuti uje na zako, na chai huletwa na mama wa napia kwa bei ambayo hatubishani nayo.